Baiskeli inapoharibika safarini: Mafunzo ya barabara za Kathonzweni

MSAFIRI anayetoka Machakos kwa baiskeli akielekea pwani ana njia mbili za kuchagua. Ya kwanza ni kuishika barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa, ambako malori hupita usiku na mchana na kumsukumia mwenye baiskeli kwenye ukingo wa lami. Ya pili ni kuteremka hadi Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, apite Kathonzweni, kisha aibukie Makindu. Au, akitaka kuingia Kitui, avuke Mto Athi unaozitenganisha kaunti hizo mbili.

Wapendao utulivu aghalabu huchagua njia hii ya pili. Hata hivyo, utulivu una gharama zake. Palipo na magari machache, msaada nao huwa mchache. Kutoka soko moja hadi jingine msafiri huweza kwenda mwendo mrefu bila kuona duka wala mti wenye kivuli cha maana, na mito mingi anayoivuka huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mahali kama hapo, hitilafu ndogo ambayo mjini ingempotezea mtu nusu saa huweza kumwacha juani saa sita mchana, maji yakiwa yamemwishia.

Basi hatari yenyewe si pancha wala mnyororo uliokatika. Hatari ni umbali uliopo kati ya hitilafu hiyo na mtu au kifaa cha kuiondoa. Kwa sababu hiyo, anayejiandaa kwa safari ndefu hapaswi kuanza kwa kuuliza ni baiskeli ipi iliyo nyepesi au ghali kuliko nyingine. Swali la kwanza ni hili: kitu hiki kikivunjika baina ya Kathonzweni na Makindu, ni nani atakayekitengeneza?

Jibu la swali hilo huzigawa hitilafu zote katika mafungu matatu: zile ambazo msafiri ni lazima azimudu mwenyewe, zile ambazo fundi wa sokoni ataziweza, na zile ambazo hakuna mtu wa karibu awezaye kuzitibu. Anayeyafahamu mafungu haya kabla ya kuondoka nyumbani amekwisha kumaliza nusu ya kazi.

Miiba, joto na vumbi

Kathonzweni iko katika eneo kame la Ukambani. Mvua hutarajiwa katika misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na ile ya mwisho wa mwaka ndiyo ambayo wakulima huitegemea zaidi. Nje ya misimu hiyo ardhi hukauka, na kila kilicho barabarani humwandama mwenye baiskeli.

Adui wa kwanza ni mwiba. Migunga imejaa kandokando ya njia, na wafugaji hukata matawi yake ili kuzungushia maboma ya mbuzi na ng'ombe. Matawi hayo yanapoburutwa, miiba husalia njiani. Mbigiri nayo, mmea unaotambaa chini, hutoa tunda kavu ambalo hata likianguka vipi, ncha yake moja hutazama juu. Ndiyo maana msafiri mzoefu anapotaka kupumzika haisukumi baiskeli yake majanini, bali huibeba hadi penye kivuli.

Adui wa pili ni joto. Hewa iliyo ndani ya tairi hupanuka baiskeli inapoegeshwa juani, na kiraka ambacho gundi yake haikukauka sawasawa huachia. Ni heri kutoijaza hewa asubuhi hadi kile kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na kutafuta kivuli kwa ajili ya baiskeli kama mtu anavyojitafutia mwenyewe.

Wa tatu ni vumbi. Likichanganyika na mafuta hugeuka kuwa kama msasa, likaula mnyororo na meno ya gia kidogo kidogo. Wengi huongeza madhara hayo bila kujua kwa kupaka oili chafu iliyomwagwa kutoka injini ya gari. Oili hiyo ni nzito na hunasa kila punje ya mchanga. Lililo bora ni kuufuta mnyororo kwa kitambaa kila jioni, kutia matone machache ya mafuta mepesi, kisha kuyafuta yaliyozidi.

Hatimaye kuna mtikisiko. Barabara ya vumbi yenye mikunjo midogo midogo hulegeza nati na skrubu bila ya mpandaji kuhisi lolote, hadi keria inapoanguka pamoja na mizigo yake.

Ya kutengeneza mwenyewe

Tangu John Boyd Dunlop alipounda tairi lake la hewa huko Belfast mwaka wa 1888, starehe na pancha zimekuwa zikisafiri pamoja. Kuziba pancha ni jambo ambalo kila msafiri anapaswa kulijua kabla ya kuondoka, wala si la kujifunzia njiani.

Kosa linalotendwa mara nyingi ni la haraka. Mtu huitoa tyubu, huibadilisha, hujaza hewa na kuondoka. Baada ya dakika kumi tairi limekwisha upepo tena. Sababu ni kwamba mwiba wa kwanza bado umo. Kabla ya kurudisha tyubu, ni sharti kupitisha kitambaa polepole ndani ya tairi lote. Kitambaa kitanasa penye ncha, na vidole vitasalimika. Kisha mwiba ung'olewe kwa koleo ndogo, hata ikiwa umebakia kipande kisichoonekana vizuri.

Kiraka nacho kina masharti yake. Mahali penye tundu husuguliwa kwa msasa mpaka mng'aro wa mpira uondoke, hupakwa gundi nyembamba, kisha husubiriwa hadi gundi hiyo isiwe na umajimaji. Ni baada ya hapo tu ndipo kiraka hubandikwa na kukandamizwa kwa nguvu. Anayekibandika gundi ikiwa mbichi atarudia kazi. Kwa kuwa subira ni ngumu katika jua kali, inafaa kubeba tyubu mbili za akiba, kubadilisha njiani, na kuziba zilizotoboka jioni penye utulivu.

Tairi likipasuka ubavuni, tyubu hujitokeza na kulipuka. Hapo huwekwa kipande cha tairi kuukuu au cha ngozi kwa ndani, kati ya tairi na tyubu. Hata noti iliyokunjwa imewahi kuwafikisha watu wengi sokoni. Ikiwa tyubu zote zimekwisha, mbinu ya kale ya kujaza nyasi ndani ya tairi humwezesha mtu kujikokota polepole, ingawa si kwa mwendo wa kutamanika.

Mnyororo uliokatika hutengenezwa kwa kuondoa pingili iliyoharibika na kuunganisha zilizobaki. Kazi hiyo huhitaji kifaa kidogo cha kusukumia pini, ambacho bila hicho nguvu na nyundo hazisaidii. Kama kinachobadilisha gia kimepinda au kuvunjika, huondolewa kabisa, mnyororo hufupishwa, na baiskeli huendelea kwa gia moja. Mwendo utakuwa wa taabu kwenye vilima, lakini ni mwendo.

Spoku aghalabu hukatika katika gurudumu la nyuma, ambalo hubeba uzito wa mtu pamoja na mizigo. Ikikatika moja, rimu hupinda na kuanza kusugua breki. Tiba ya muda ni kuzilegeza kidogo spoku mbili za upande wa pili zilizo jirani na ile iliyokatika, ili rimu irudi katikati. Spoku za akiba zenye urefu sahihi huweza kufungwa kwa utepe kwenye fremu. Lakini zile za upande wa gia hazifikiki bila kwanza kuiondoa gia yenyewe, na asiyebeba kifaa cha kuiondolea amebeba spoku za pambo tu.

Kwa jumla, mkoba wa vifaa hauhitaji kuwa mkubwa. Pampu, viraka na gundi, tyubu mbili, vyuma vya kufungulia tairi, kifaa cha mnyororo na pingili chache, spoku, waya mmoja mrefu wa breki, spana na bisibisi zinazolingana na baiskeli husika, waya laini, na mipira ya kufungia mizigo iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, maarufu kama blada, vinatosha. Blada hufunga mzigo, hushikilia keria iliyovunjika, na huzuia vitu visigongane.

Kazi ya fundi wa sokoni

Fungu la pili ni la fundi. Kwa miaka mingi masoko ya Ukambani, kama yalivyo masoko mengine ya Kenya, yalikuwa na fundi wa baiskeli chini ya mti, akiwa na beseni la maji, pampu ya mguu na kopo la skrubu. Wateja wake walikuwa na baiskeli za chuma kutoka India, zile ziitwazo Black Mamba, zilizobeba mitungi ya maji, magunia ya makaa na abiria.

Kuenea kwa pikipiki za bodaboda tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 kumebadilisha hali hiyo. Mafundi wengi waligeukia pikipiki, na maduka yakapunguza vipuri vya baiskeli. Hata hivyo, msafiri hajapoteza kila kitu. Penye bodaboda pana gundi na viraka, pana hewa, pana nati na skrubu, na mara nyingi pana mtu wa kuchomelea vyuma.

Umuhimu wa mtu huyo haukuanza leo. Katika mashindano ya Tour de France ya mwaka wa 1913, Mfaransa Eugène Christophe alivunjikiwa na uma wa mbele, ule unaoshikilia gurudumu, alipokuwa akiteremka mlima Tourmalet. Kanuni za wakati huo zilimtaka kila mshindani kujitengenezea chombo chake. Alitembea zaidi ya kilomita 10, baiskeli begani, hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia katika karakana ya mhunzi na kuufua uma huo kwa mikono yake. Aliadhibiwa kwa kuongezewa dakika kwa sababu mvulana mdogo alimsaidia kuvukuta moto. Alipoteza ushindi, lakini alimaliza mashindano.

Christophe aliweza kufanya hivyo kwa sababu uma wake ulikuwa wa chuma cha pua na kijijini mlikuwa na moto wa mhunzi. Kanuni hiyo haijabadilika. Fremu au keria ya chuma cha pua ikikatika, mchomeleaji wa kawaida ataiunga, na ingawa kiungo hakitapendeza, kitafika. Alumini huhitaji mitambo na ujuzi ambao haupatikani kila soko, na huweza kudhoofika inapochomelewa vibaya. Kaboni iliyopasuka haichomelewi kabisa. Anayenunua baiskeli kwa ajili ya safari ya mbali anapaswa kuyazingatia haya kuliko kuzingatia uzito pekee.

Adabu nayo ina nafasi yake. Inafaa kumwamkia fundi, kumweleza tatizo, kupatana malipo kabla ya kazi, na kusimama karibu. Fundi aliyezoea chuma kinene huenda akaishika nyundo kwa nguvu ambayo rimu nyembamba haitaivumilia. Neno la upole kwa wakati wake huokoa kifaa. Kwa upande mwingine, fundi huyo huweza kuinyoosha rimu kwa jicho na vidole tu, jambo ambalo mwenye vifaa vya bei ghali huenda asiliweze.

Kisichopatikana sokoni

Fungu la tatu ndilo linalowakwamisha wengi, kwa kuwa hitilafu zake huonekana ndogo. Mfano ulio wazi ni wa tairi. Baiskeli za Black Mamba huwa na magurudumu yanayoitwa ya inchi 28. Baiskeli nyingi za kisasa za safari nazo huwa na magurudumu ambayo huuzwa kwa jina hilo hilo la 28. Lakini majina yanafanana tu. Rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 635, na ya pili milimita 622. Tairi la moja haliwezi kukaa kwenye nyingine. Vipimo hivyo huandikwa ubavuni mwa tairi, na ndivyo vya kusomwa badala ya kuliamini jina. Gurudumu la inchi 26 la baiskeli za milimani, lenye milimita 559, ndilo ambalo kwa kawaida ni rahisi zaidi kulipatia tairi katika miji midogo.

Vali pia hutofautiana. Vali nene, inayofanana na ya gari na pikipiki, hujazwa hewa katika kituo chochote cha mafuta. Vali nyembamba za baiskeli za mashindano hazishikani na pampu hizo. Kuna kishikizo kidogo cha shaba cha kuziunganisha, kisichozidi ukubwa wa ncha ya kidole, na asiyekibeba huweza kusimama mbele ya pampu yenye hewa tele huku tairi lake likiwa bapa.

Kutolingana kwa vifaa kumewatesa hata mabingwa. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kulelewa kimchezo na Mkenya David Kinjah, alikuwa amevaa jezi ya njano katika Tour de France mnamo Julai 14, 2016 alipogongana na pikipiki kwenye mlima Ventoux na baiskeli yake ikavunjika. Alianza kukimbia kwa miguu. Baiskeli ya kwanza aliyopewa haikumfaa, kwani viatu vyake havikushikana na pedali zake. Alilazimika kungoja gari la timu yake limletee nyingine.

Msafiri wa Kathonzweni hana gari la timu. Hata safari ya Tour d'Afrique, iliyoanzishwa mwaka wa 2003 kutoka Cairo hadi Cape Town na ambayo washiriki wake waliteseka mno kwenye mawe ya kaskazini mwa Kenya kabla ya barabara ya Moyale kutiwa lami, huandamana na magari yanayobeba mizigo na vipuri. Aliye peke yake ni lazima abebe mwenyewe kile kisichopatikana: pedi za breki za diski, tairi moja la kukunjwa la kipimo chake, na skrubu zisizo za kawaida. Breki za mafuta na gia zinazoendeshwa kwa betri ni bora kuachwa nyumbani, au zichukuliwe kwa kujua kwamba zikifa, safari nayo imesimama.

Hata hivyo, mtu aliyekwama si lazima akate tamaa. Tangu huduma ya M-Pesa ianze mwaka wa 2007, imewezekana kuagiza kipuri Nairobi kwa simu, kukilipia papo hapo na kukipokea kutoka kwa matatu inayofika Wote. Anayelazimika kungoja upande wa Makindu ana hekalu la Kalasinga lililojengwa mwaka wa 1926, ambalo limejijengea jina kwa kuwapa wasafiri wa dini zote chakula na mahali pa kulala.

Ukaguzi wa jioni

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Dakika kumi kila jioni hutosha kuuziba ufa huo. Tairi hukaguliwa na vipande vya miiba kung'olewa kabla havijafika kwenye tyubu. Magurudumu huinuliwa na kuzungushwa ili kuona kama yanayumba. Spoku hubonyezwa mbili mbili, na iliyolegea hujulikana. Nati za keria hukazwa moja baada ya nyingine. Mizigo mizito hushushwa chini, na sehemu yake kuhamishiwa mbele ili gurudumu la nyuma lisielemewe.

Maji nayo ni sehemu ya vifaa. Katika nchi hii kame, kuanza siku na chini ya lita nne au tano ni kucheza na maisha. Baiskeli inapoharibika, la kwanza si kufungua mkoba wa spana, bali ni kutoka barabarani, kuingia kivulini na kunywa maji. Mtu aliyechoka na mwenye kiu hupoteza nati mchangani, hubana tyubu kati ya tairi na rimu, na kuligeuza tatizo moja kuwa mawili.

Inafaa pia kuweka mpaka mapema. Ikiwa saa moja imepita na kazi haijafaulu, au maji yamefika nusu, ni wakati wa kuisimamisha bodaboda au matatu na kuipakia baiskeli. Breki zote zikishindwa, mteremko hushukwa kwa miguu. Hakuna aibu katika hayo.

Hatimaye, mgeni anayepita Kathonzweni ataona kwamba wenyeji walikwisha kulijibu swali lake zamani. Kwa anayechota maji au kupeleka mazao sokoni, baiskeli iliyolala pancha ni siku iliyopotea. Ndiyo sababu chombo chake kina gia moja, chuma kinene na vitu vichache vya kuvunjika. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka wa 2005, lilifuata fikira hiyo hiyo lilipounda baiskeli yake ya Buffalo kwa ajili ya wanafunzi, wahudumu wa afya na wakulima wa vijijini: nzito, ya chuma, na inayotengenezeka karibu na nyumbani kwa mwenyewe.

Msafiri wa mbali hahitaji kuiacha baiskeli yake na kununua Black Mamba. Anachohitaji ni kuipitia pedali hadi usukani kabla ya kuondoka, akitaja kwa kila kipande ni nani atakayekitengeneza. Kipande asichoweza kukitajia mtu, akibebe cha akiba au akibadilishe kingali nyumbani.